Jike Hatoki Shimoni

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Wanawake wa rika lake walishaitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani, yeye akabaki Fundi tu, kwa sababu mimba tatu zilikuwa zimemtoka kabla ya kumpa jina. Hii ya sasa ilikuwa ya nne. Ilikuwa na miezi saba, haijawahi hata moja kufika huko, na tumbo lilishaanza kumzuia kuifikia vizuri meza ya kukatia vitambaa.

Kazi yake ilikuwa makochi. Umletee kochi lililobonyea, lililotafunwa na panya, lililomwagiwa mafuta na wajukuu, atalivua mpaka mbao, atalivisha upya, na utalikana ukiliona. Lakini alichojivunia hasa ni fundo. Vile vifungo vya kitambaa unavyoviona vimezama kwenye mgongo wa kochi, kila kimoja kimefungwa kwa nyuma, na fundo la Fundi alilibuni mwenyewe: uzi unazungushwa mara tatu kwa kushoto, unapitishwa chini ya wenyewe, unavutwa. Ukishavutwa, basi tena. Kochi litachakaa, mbao zitaliwa na mchwa, kifungo kitabaki palepale. Mumewe, dereva wa boza la maji, alizoea kumtania: "Siku ukinikasirikia usinifunge kwa hilo, mke wangu, nitazikwa nalo."

Fundo hilo alimfundisha mtu mmoja tu duniani, mdogo wake.

Huyo mdogo wake aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka mitano na Fundi kumi na saba. Fundi akambeba mgongoni, akashika sindano, akamsomesha, akamnunulia viatu kabla ya kujinunulia yeye. Alipoolewa, Dereva aliambiwa mapema kwamba anaoa wawili: mke na mtoto wa mke. Dereva akacheka, akakubali, na tangu hapo Kitinda alikuwa na chumba chake katika nyumba ile, chumba kizuri, cha upande wa asubuhi. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, bado hajaondoka, na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyuma ya ukuta wa uani hakukuwa na jirani tena, ni mchanga, mawe na vichaka vya miba mpaka macho yanachoka.

Basi asubuhi moja, kama saa tatu hivi, Dereva yuko safarini, Fundi akatoka karakana kwenda bomba la uani kunawa gundi mikononi. Alikuwa na wasiwasi kidogo. Kila siku akiwasha cherehani mtoto alikuwa akimpiga mateke ya nguvu, kama anayedai azimiwe kelele. Siku hiyo hajapiga. Fundi akajiambia amelala. Akainama achote maji, akamwona.

Alikuwa kwenye kivuli cha ndoo. Buibui, lakini si hawa wa kwenye kona za dari. Huyu alikuwa mpana kama kisosi cha kikombe, wa kahawia, mwenye manyoya mwili mzima, amekusanya miguu yake minene kuzunguka kitu cheupe cha mviringo, kama mtu aliyekumbatia mto. Wala hakukimbia. Alikuwa ameelekea mlango wa jikoni.

"Mungu wangu! Kitinda! Njoo uone dudu hili!"

Kitinda ni yule ambaye akiona mende anapanda juu ya meza, na chini hashuki mpaka aonyeshwe maiti. Fundi alijiandaa kumcheka. Lakini Kitinda alikuja mpaka mlangoni, akatazama. Hakupiga kelele. Hakurudi nyuma hata hatua.

"Mwache, dada," alisema polepole. "Atakwenda zake."

"Nimwache? Na kama ana sumu?"

"Usimguse tu."

Akageuka, akaingia ndani. Fundi akabaki na ndoo mkononi, akishangaa, halafu akaamua kutopoteza muda. Alichukua lile kopo kubwa la plastiki, linaloonyesha mpaka ndani, la kuwekea vifungo. Akalimwaga, akamfunika nalo yule mdudu, akapitisha kipande cha kadibodi kwa chini, akapindua. Mdudu akateleza ndani bila kuachia mzigo wake. Fundi akafunga kifuniko, akampiga picha kwa simu, akamtumia Mwalimu Darubini.

Mwalimu Darubini alikuwa mstaafu wa nyumba ya pili. Alifundisha elimu ya viumbe miaka arobaini, na mpaka leo alitembea na lenzi imening'inia shingoni, kama wengine wanavyotembea na funguo. Ukimwonyesha upele atakueleza ukoo wake. Picha ilipomfikia hakujibu, alikuja mwenyewe, shati amelifunga vifungo upande.

"Weee, mwanangu! Umenipa zawadi ya uzeeni! Yuko wapi?"

Wakaweka kopo juu ya meza ya kukatia, penye mwanga wa dirisha. Mwalimu akainama mpaka pua ikagusa plastiki.

"Huyu ni tarantula. Tarantula wa jangwani kabisa, wa huko nyuma ya ukuta wako. Usimwogope. Akikuuma utaumia kama umeumwa na nyuki. Unaona hapa mgongoni alivyopata upara? Akichokozwa anajikwangua kwa miguu ya nyuma, anakurushia manyoya, utajikuna wiki nzima. Basi, hana ubaya zaidi ya huo."

Fundi akashusha pumzi. "Kumbe. Anatafuta nini kwangu?"

"Ah, majira haya madume wanazurura wakitafuta wake. Huwa wana miguu mirefu, myembamba, na miguu ya mbele ina vijindoano vya..." Mwalimu akageuza kopo. Akaweka lenzi vizuri. "Hana vijindoano."

"Maana yake?"

"Maana yake ni jike. Tazama tumbo lake, tazama miguu mifupi. Jike mzee, ana miaka ishirini huyu, pengine zaidi." Akakuna kidevu. "Haiji akilini. Jike hatembei, mwanangu. Jike anachimba shimo lake akiwa mdogo, anatandaza utando mlangoni, na hapo ndipo anapofia. Hasa akiwa na mfuko wa mayai. Jike hatoki shimoni."

"Na huo mweupe ndio mfuko wa mayai?"

"Ndio huo, unafumwa kwa utando wa..." Mwalimu aliivua lenzi shingoni, akaifuta kwa shati, akatazama upya. Alipoinua uso, uchangamfu wote ulikuwa umemtoka.

"Mwanangu," alinong'ona, "utando wa buibui hauna mshono."

Fundi akaichukua lenzi.

Kilikuwa kifuko cha kitambaa. Kitambaa cheupe, kikubwa kama kidole gumba. Kimeshonwa kwa mshono wa kuficha, ule wa kushonea pembe za mito ili uzi usionekane. Kazi safi. Na mdomoni kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa nailoni, uzi wa karakana yake. Akahesabu mizunguko. Moja, mbili, tatu, kwa kushoto. Umepitishwa chini ya wenyewe. Umevutwa.

Fundi alikuwa anajua mikono yake ilichofanya na isichofanya. Kile kifuko hakukishona yeye.

Mwalimu, kwa uzoefu wake wa maabara, alifungua kifuniko kidogo akaingiza koleo jembamba akivute. Jike akasimama kwa miguu ya nyuma. Akainua miguu minne ya mbele, akaonyesha meno yake meusi, akaligonga koleo kwa nguvu mpaka likamtoka Mwalimu mkononi. Halafu akarudi, akakumbatia kifuko chake, akakaza.

Na tumbo la Fundi likakaza.

Halikuwa teke. Lilikuwa gumu ghafla, kama kuna mtu amevuta uzi kutokea ndani. Akashika meza. Akasubiri liachie. Lilichelewa sana kuachia.

"Hatakuachia wewe, Mwalimu," sauti ilisema kwa nyuma. "Hakujui."

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa analia. Fundi alimtazama mtoto aliyembeba mgongoni, akatafuta usoni pake dalili kwamba kuna kosa, kwamba kuna maelezo. Hakuiona.

"Hili ni fundo langu," alisema Fundi.

"Ndiyo, dada."

"Ndani mna nini?"

Kitinda akatazama chini. "Tepe za hospitali. Zile wanazokufunga mkononi, zenye namba. Tatu. Na kona ya kadi yako ya kliniki."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Mtu huyu aliwafundisha watu miaka arobaini kwamba uchawi ni ujinga.

"Tatu," Fundi alirudia. Alikuwa ananong'ona, sijui kwa nini. "Tepe za watoto wangu."

"Mimba ya kwanza ulinichekea, ukasema, Kitinda sasa umekua, chumba hiki tutakipaka rangi kiwe cha mtoto. Ulikuwa unacheka, dada. Mimi sikulala. Mama alipokufa uliniambia mtoto wako wa kwanza ni mimi. Ulisema. Nikaenda kwa mtu, usiniulize nani. Akanionyesha shimo huko nyuma, akaniambia mpe jike huyu kifuko alinde. Akilinda yeye, nyumbani kwenu haingii mtoto mwingine. Nilitaka nyumba ibaki ilivyo. Basi."

"Na leo amekuja kufanya nini hapa?"

Kitinda alitazama tumbo la dada yake.

"Wale walitoka mapema. Huyu amekataa kutoka. Kwa hiyo jike amekuja kumfuata mwenyewe."

Tumbo likakaza tena. Fundi akachukua mkasi. Akalivua kopo kifuniko, hakuogopa tena kuumwa, lakini kabla hajaingiza mkono Kitinda akasema upesi, "Ukikata uzi, umemkata huyo wa tumboni." Mkasi ukadondoka sakafuni wenyewe.

"Kitoe," alisema Fundi.

Kitinda akasogea. Akaingiza mkono mtupu ndani ya kopo. Jike hakusimama. Hakuonyesha meno. Aliinua miguu yake mmoja mmoja, polepole, akakiachia kifuko kwenye kiganja cha Kitinda, kama jirani anayerudisha sufuria ya watu. Mwalimu alifunika kopo.

Fundi akakinyakua kifuko. Akachukua sindano iliyopinda, ile nyembamba kuliko zote, akajaribu kuipenyeza chini ya uzi. Ilikataa. Akajaribu kwa kucha. Akajaribu kwa meno. Kila alipogusa, fundo lilikaza, na kila lilipokaza, tumbo lilikaza. Jasho likamwingia machoni. Miaka yote hiyo alijisifu mjini kote kwamba fundo lake halifunguki, na hakuwahi, hata siku moja, kujiuliza linafunguliwaje.

"Siwezi," akasema. "Siwezi, siwezi."

"Mimi naweza."

Akainua macho.

"Nilipokuwa najifunza nilikuwa nakosea," alisema Kitinda. "Nilikuwa naogopa utanigombeza kwa kuharibu uzi. Nikawa nafungua kwa siri. Sikukuambia."

"Fungua."

"Sema kwanza."

"Niseme nini, Kitinda? Mtoto anakufa!"

"Sema hutanitoa nyumba hii. Kwa lolote."

Fundi alimtazama. Siku ile alijua kuwa mtu anaweza kukuuma hata anapokuokoa. Mtoto ndani yake alikuwa kimya kabisa.

"Sitakutoa," akasema.

"Kwa lolote."

"Kwa lolote! Mwalimu shahidi. Fungua!"

Kitinda akakaa sakafuni, akakiweka kifuko gotini. Hakuvuta. Alilisukuma fundo. Akalisukuma upande wa kulia kwa kidole gumba, taratibu, akilibembeleza, mpaka uzi ukapumua. Mzunguko mmoja. Wa pili. Ndani ya kopo jike alianza kujigonga kwenye plastiki, tap, tap, tap. Wa tatu.

Uzi ukaanguka.

Na mtoto akapiga teke. Teke la nguvu, la hasira, mpaka gauni likaruka. Halafu lingine. Fundi akaketi pale pale kwenye vumbi la mbao, akashika tumbo kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kama mtoto mwenyewe. Mwalimu naye alilia, akijifanya anafuta lenzi.

Kifuko kilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na tepe tatu, zimekunjwa vizuri, na kona ya kadi. Fundi alizisoma tarehe moja moja. Aliijua kila moja. Kila tarehe alikumbuka mkono uliomshika.

Alipomaliza kulia, alisimama.

"Kusanya vitu vyako."

Kitinda hakuelewa. "Dada?"

"Mume wangu anarudi jioni. Asikukute."

"Umeniahidi. Sasa hivi tu umeniahidi."

"Na wewe? Mara tatu umekaa kando ya kitanda changu hospitalini, umenishika mkono, ukaniambia pole dada. Umeniogesha. Umenipikia uji, umenilisha kwa kijiko. Wakati ule mkono wako ulikuwa umetoka wapi, Kitinda? Sema, ulikuwa umetoka wapi?"

Kitinda alimtazama dada yake, na Fundi anaapa kwamba katika macho yale hakuona aibu, aliona mshangao wa mtu aliyeibiwa. Kisha akaingia chumbani mwake. Wakasikia komeo likifungwa kwa ndani.

Hakutoka mchana. Hakutoka alasiri. Dereva alirudi saa kumi na mbili, boza bado linadondosha maji, akaelezwa, akagonga, akaita, akavunja mlango kwa bega. Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha lilikuwa na nondo, na katikati ya nondo hata paka hapiti. Ndala zilikuwa chini ya kitanda, sambamba. Simu ilikuwa juu ya shuka, inachajiwa. Komeo lilikuwa limefungwa bado, limening'inia kwenye mbao zilizovunjika.

Walimtafuta wiki nzima, mchangani na mjini. Polisi waliandika, wakaondoka.

Jioni ileile Kitinda alipotoweka, Mwalimu alikwenda kulichukua kopo akamrudishe yule mdudu jangwani. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Ndani alikuta ngozi. Ngozi kamili ya tarantula, miguu yote minane, meno, hata manyoya, imepasuka mgongoni. "Wanajivua," alimwambia Fundi kwa sauti ndogo. "Ni kawaida yao kujivua. Lakini ngozi ikiwa hapa, mwenyewe huwa hapa pia." Tangu siku hiyo hajavaa lenzi.

Mtoto alizaliwa miezi miwili baadaye. Msichana, mnene, mwenye sauti ya kuuza sokoni. Chumba cha upande wa asubuhi kikapakwa rangi. Fundi akaweka humo kitanda cha mtoto, na kando yake kochi jipya la watu wawili, alilolitengeneza mwenyewe ili akae akinyonyesha. Hasira yake ilikuwa bado mbichi. Ukilitaja jina la Kitinda alikuwa anaondoka chumbani.

Asubuhi moja, saa nne, jua limejaa dirishani, aliingia kumtazama mtoto. Akakuta mto wa kochi umebonyea.

Sponji ilikuwa mpya, ya daraja la kwanza. Sponji ya namna ile, mtu akinyanyuka, inanyanyuka naye. Haibaki na alama. Fundi aliutandika mto ule kofi, ukajaa. Akageuka kukunja nepi. Alipogeuka tena, umebonyea. Akausogelea. Amekaa na makochi ya watu miaka kumi na saba, na kila mtu ana namna yake ya kuharibu kochi. Hapa palikuwa pamezama zaidi upande wa kushoto, na mbele palikuwa na kishimo kidogo cha kisigino. Alama ya mtu anayekunja mguu mmoja akaukalia. Anamjua mtu mmoja tu wa kukaa hivyo, na alimgombeza kwa hilo tangu ana miaka mitano.

Akaweka kiganja juu yake. Palikuwa na joto.

"Toka," alinong'ona Fundi. "Toka nyumbani kwangu."

Nje, watu walikuwa wanapita, mtu anacheka barabarani. Kisha, polepole, mto ukaanza kujaa. Ukanyanyuka, ukanyooka, ukawa kama mpya. Fundi akafumba macho, akamshukuru Mungu.

Alipoyafumbua, ulikuwa unabonyea mto wa pili, ule ulio karibu na kitanda cha mtoto. Ulianza upande wa kushoto.

Mtoto aligeuza kichwa, akatazama pale, akacheka.